Simiti Juu ya Udongo

Mbula,

Kwanza acha kucheka mwandiko. Najua unafanana na nyayo za kuku aliyekanyaga lami ya moto, lakini mkono huo huo ndio umepiga plasta nusu ya mtaa huu wa Huruma, na sijasikia ukuta hata mmoja ukilalamika kwamba fundi aliachwa na shule kidato cha pili.

Nimekaa juu ya paa la ghorofa letu, nimekalia ndoo ya rangi, shuka za wapangaji zinanidondoshea maji shingoni. Wewe umeenda kusukwa, na ninavyokujua, na kichwa chako hicho kikubwa, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Mathe wako yuko chini anapanga sanduku lako kwa mara ya nne. Mambo ya sweta, ya unga, ya kupiga simu kila Jumapili, hayo yote ameyaandika yeye, kurasa mbili, na usipoyafuata atakuja huko na mwiko. Mimi baba yako nina jambo moja. Mathe alitaka barua yangu ifichwe katikati ya nguo, uikute ukishafika, ulie kidogo. Nikakataa. Utaipokea mkononi leo. Ukiisoma ukiwa ng'ambo utamtukana nani?

Ila nitazunguka kidogo kabla ya kufika, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Nimekisoma kile kijitabu chako, cha mji unakoenda kusoma. Chote, mwanzo hadi mwisho, simu kando ikinitafsiria. Jina la mji wenyewe nimelijaribu mara tatu, ulimi ukagoma, kwa hivyo acha niuite Mji Wako. Sasa niambie, hao watu wako wazima? Ukurasa wa kwanza ni banda la soko, la mbao, limesimama juu ya miguu kumi na miwili kama ngamia watatu waliogandana. Chini yake walikuwa wanauza siagi. Siku hizi hawaiuzi hapo, lakini banda wamelibakisha na kulipiga kibao kueleza kwamba hapa ndipo siagi iliuzwa. Siagi, Mbula! Sisi tumeuza hapa mitumba, matumbo, kuku wa kila rangi, na soko likiungua usiku, asubuhi hatubakishi hata msumari.

Ukurasa wa nne kuna nyumba imeinama kama mlevi aliyeegemea mlingoti wa stima. Ningepewa mimi, ingekuwa chini kabla ya chai ya saa nne. Wao wameipiga picha tatu. Kisha kuna yule mzee ambaye dirisha lake limeoza, na kabla ya kuweka jipya anaandika barua kuomba ruhusa, anasubiri, anajibiwa kwamba dirisha jipya lazima lifanane na lililooza. Nilicheka hadi mathe akaja kuuliza kama nimemeza kitu.

Halafu nikafika ukurasa wa kumi na moja, na huo unaukumbuka, kwa sababu Jumapili wewe mwenyewe uliniitia.

"Buda, kuja uone kitu."

"Kama ni banda lingine la siagi sitaki."

"Ni ukuta. Wameukata wakaweka kioo, ndio watu waone ndani. Ona! Fito. Udongo. Majani. Wanasema hapa ni mavi ya ng'ombe." Ukanitazama, macho yakiwa makubwa kama sahani. "Buda, si hii ni nyumba ya nyanya? Hii nyumba ya watu wakubwa, yenye miaka mingi hivi, ni nyumba ya nyanya kabisa!"

Nami nikasema, "Sisi yetu ilikuwa bora," nikachukua kofia, nikasema naenda kununua salio la simu. Nilikuwa na salio, Mbula. Nilishuka ngazi zote nikasimama kando ya mtaro wa maji machafu, na harufu ile, ambayo mtu wa hapa haisikii tena, siku hiyo niliisikia yote.

Baada ya siku mbili ikaja ile barua ya chuo. Ukaisoma kwa sauti, mathe akaacha sufuria ikaungua. Kwamba Ijumaa ya kwanza wanafunzi wapya hupanda chumba cha juu cha lile banda la soko, wakasimama mbele ya wenyeji wa mji, kila mmoja akaeleza ni jengo gani la kwao lililomfanya atake kujifunza kuokoa majengo ya zamani. Kwamba hadithi uliyoandika kwenye maombi yako iliwagusa, ile ya nyumba ya nyanya mkuu iliyosagwa na matingatinga alfajiri, baba akiwa amesimama mlangoni mikono wazi. Wakaomba uwe wa kwanza kusema.

Mathe akanitazama. Mimi nikatazama sufuria.

Sasa sikiza. Hakukuwa na tingatinga.

Halikuwako hata moja. Hakuna aliyekuja alfajiri, na mimi sikusimama popote mikono wazi. Nyumba ya nyanya niliiua mimi. Hadithi ile nilikutungia ukiwa mdogo, ulipoanza kuuliza, na kwa vile mimi ni hodari wa maneno kama nilivyo hodari wa mwiko, nikawa naipiga plasta kila mwaka. Ukiwa na miaka sita tingatinga lilikuwa moja. Ulipofika kumi yalikuwa matatu, na askari juu, na mimi nimepigwa rungu hapa begani. Begani nilianguka ngazi, mjengo mmoja huko Tassia, nikiwaonyesha wenzangu jinsi ninavyoweza kupanda bila kushika.

Nitakueleza ilivyokuwa. Usiruke mistari.

Nyanya unayebeba jina lake alitoka Ukambani akiwa msichana, akafika mtaa wa Majengo, akasilimu, wakamwita Bi Zuhura. Sisi wajukuu tuliendelea kumwita Mbula, jina alilopewa kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku, vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, mabati juu. Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo. Kila mwaka, mvua ndefu ikishaisha, kulikuwa na Jumamosi moja ya kukandika. Haikuandikwa popote. Nyanya alitoka tu asubuhi akazunguka nyumba akigusa kuta kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe, na wapangaji wakimwona hivyo walijua leo hakuna kwenda kokote. Udongo ulimwagwa uani, maji, majani yaliyokatwakatwa, mavi ya ng'ombe kutoka kwa wafugaji wa kando ya mto, na jivu. Wanawake walikanyaga, kanga zimefungwa magotini, wakisutana. Kazi ya watoto ilikuwa chini, kwenye miguu ya ukuta, pale mvua inaporuka. "Nyumba huoza miguu kwanza," nyanya alikuwa anasema, "kama mzee." Mwisho yeye mwenyewe alipaka safu ya juu kwa mkono, nusu duara, nusu duara, hadi ukuta mzima ukawa na magamba kama samaki.

Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Usikunje uso, leo nitajisifu na tutaona nitafika wapi. Nikiwa na miaka kumi ukuta wangu haukupata ufa. Nyanya alinipeleka nikakandike wa jirani.

Kisha nikakua, nikaingia mjengo, nikajua simiti. Na hapo ndipo nilipoanza kuona kinyaa. Wenzangu wa kazi walikuwa wanaishi kwenye ghorofa, chumba kimoja, choo cha watu ishirini, lakini ni cha mawe. Mimi nikitoka kazini wananiita Matope. "Matope, leo mvua inanyesha, kimbia nyumba isije ikakuacha." Nami nacheka nao, nikifika nyumbani natazama zile nusu duara na kutamani kutapika. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina mke, nina wewe wa miaka minne unayekula udongo wa ukuta kwa kucha, na naishi ndani ya kitu kilichochanganywa na mavi.

Nikamwambia nyanya nitampigia nyumba plasta ya simiti, iwe kama ya mawe.

Akasema, "Mutua, ukuta huu unapumua. Ukiuziba pua utakufa."

"Nyanya, ukuta hauna pua."

"Hata wewe huna akili, na unaishi."

Ukumbi mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nikangoja. Akaenda Machakos kwenye matanga, majuma mawili, na nilipohakikisha gari limeondoka nikaanza. Nilikwangua zile nusu duara zote. Nikapigilia waya wa kuku kwenye fito, nikapiga simiti nje pande zote nne, nikaipiga msasa, nikachora mistari iwe kama mawe ya kuchonga. Ile kazi, Mbula, kama ungeiona! Watu walikuja kutoka mtaa wa pili. Kuna mzee mmoja alisimama akaguna, akasema, "Kijana ameitoa nyumba aibuni." Nililala siku hiyo kama mfalme.

Nyanya aliporudi alianza na kuta. Alizunguka kama alivyozunguka siku ya kukandika. Hakutumia kiganja, aligonga kwa kifundo cha kidole. Kisha akaniuliza swali moja.

"Maji yakiingia, yatatokea wapi?"

Nikasema, "Hayataingia. Hiyo ni simiti."

Mvua ndefu ikaja ikaisha. Ikafika ile Jumamosi, na wapangaji wakatoka nje asubuhi kwa mazoea, wakasimama, wakatazama ukuta wangu mgumu, wakarudi vyumbani. Hapakuwa na udongo wa kukanyaga. Mmoja akawasha redio. Ilikuwa Jumamosi kama ya watu wengine wote. Sikuelewa wakati ule, lakini nikikumbuka siku ambayo nyumba ile ilianza kufa, nakumbuka hiyo redio.

Baadaye kukaanza harufu, ndani, kama gunia la viazi lililosahaulika. Nyanya akaniita kiangazi, jua linapasua mabati, akabonyeza ukuta wa chumbani mwake kwa kidole na kidole kikazama hadi kifundo. Uji. Nje jiwe, ndani uji. Maji yalikuwa yameingia juu, pale mabati yanapokutana na ukuta, na yakakosa njia ya kutoka kwa sababu mimi fundi niliziba njia zote. Fito zilikuwa zimeoza. Nilipaswa kuchukua patasi siku hiyo hiyo nikabandua simiti yote. Nilijua, Mbula. Sikuwa mjinga kiasi cha kutojua. Lakini ungebandua vipi kitu ambacho mtaa mzima umekuja kukitazama? Nikanunua rangi. Nikapaka juu ya unyevu, rangi ya maziwa, nikamwambia nyanya sasa ni safi.

Mvua ya mwaka uliofuata, mchana, nikiwa kazini, ukuta wa upande wa jua kuchwa ulianguka ndani. Wewe ulikuwa umelala kitandani kwa nyanya. Alisikia fito zikilia, akakuvuta mguu kama mwana-mbuzi, na nusu yako ilikuwa imeshatoka kitandani ukuta ulipofika.

Lile kovu juu ya jicho lako la kushoto. Nilikwambia ni jiwe lililorushwa na tingatinga. Shuleni ulikuwa unawaonyesha wenzako. Kweli yake ni hii: udongo ukianguka unamwagika. Ungekupaka matope tu, ungeoga, ungelala tena. Kilichokukata ni simiti yangu. Iliporomoka bapa zima, na mistari niliyochora ya mawe ya uwongo, na ncha ya bapa hilo ndiyo iliyokupasua. Nyanya alikubeba hospitali kwa miguu, damu yako ikimwingia machoni. Mimi nilipofika nyumbani nilikuta kuta tatu zimesimama na watu wamezizunguka, na yule mzee aliyenisifu alikuwa ameokota kipande, anakigeuza mkononi, upande mmoja laini, upande mwingine uozo mweusi. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayeweka kinyesi cha mtoto wa mwenzake.

Unajua nilichofanya? Sikwenda hospitali. Nilichukua nyundo. Niliangusha kuta tatu zilizobaki mchana ule, mvua ikininyeshea, kwa sababu ukuta uliosimama ni shahidi. Nikawaambia watu nyumba za udongo ni hatari, tazameni mtoto wangu. Mtoto wangu! Boriti nyingine zilikuwa ngumu bado, nyeusi, nzima kabisa, zingebeba nyumba hadi wajukuu zako. Nilimpa mama muuza samaki akazipasua kuni. Ploti ikauzwa. Leo kuna ghorofa pale, na kwa vile Mungu hana huruma na watu kama mimi, plasta yake niliipiga mimi.

Mathe alijua. Amenyamaza miaka kumi na sita kwa sababu nilimwomba, na kila nilipokusimulia matingatinga yeye alikuwa anasimama na kwenda kuosha kitu kisichokuwa kichafu. Hilo nalo lihesabu kwangu, usimlaumu.

Nyanya tulihamia naye hapa Huruma, chumba cha ghorofa ya tatu. Watu wa Majengo walimtembelea, wakauliza nini kiliipata nyumba, nami nikiwa nimekaa pale pale nikisubiri aseme. Alisema, "Mvua. Ni mvua tu, watu wa Mungu. Nyumba ilikuwa mzee." Hakunisuta hata siku moja. Mara moja tu, alfajiri ya baridi, aliniita akanishika mkono, akaubandika kwenye ukuta wa chumba, ule unaotoa jasho hadi rangi inabanduka. Akasema, "Mutua, na huyu naye ulimziba pua?" Akacheka kwa meno yake mawili yaliyobaki. Mwaka haukuisha akafa, na ukuta ule bado unalia, na wewe umelala kando yake utoto wako wote ukikohoa.

Ndiyo maana nikitoka kazini siku hizi natema mate. Natembea Huruma na kila pembe nakutana na mkono wangu. Ngazi isiyo na mwanga, mimi. Dirisha linalotazama dirisha la jirani hadi unajua amepika nini na amegombana na nani, mimi nilishika uzi wa kupimia. Ufa uliozibwa na sabuni na rangi siku moja kabla ya wapangaji kuingia, kazi yangu hiyo, na nilisifiwa. Nakichukia kinachonuka hapa, Mbula, na kinachonuka zaidi ni jinsi ninavyokifahamu.

Lakini usidhani nakutuma ukasujudu huko. Nilipokisoma kijitabu kile niliwachukia hata wao kidogo. Watu waliolihifadhi banda la siagi ndio hao hao ambao babu zao walikuja hapa kututawala, wakawajengea wanaume wetu vyumba vya mtu mmoja, bila mke, bila mtoto, kama stoo ya majembe. Walijua nyumba ni nini, walikuwa nayo kwao. Kwa hivyo ukiuona ule ukuta wenye kioo usishikwe na butwaa. Utazame kama fundi. Ni fito na mavi. Wanachotuzidi ni kwamba kila ukichakaa walikandika, baba akakandika, mwana akakandika, na hakuna kijana mwenye mdomo kama wangu aliyeuonea haya. Au alikuwapo, ila nyanya yake hakusafiri.

Na kuna jambo jingine, nililiona ukurasa wa kumi na tano, likanifukuzia usingizi. Wameandika hapo kwamba somo la kwanza utakalofundishwa ni chokaa, na kwamba adui mkubwa wa kuta hizo ni simiti iliyopigwa juu na mafundi wa siku hizi, maana inafungia maji ndani. Kuna picha. Bapa limebanduka, nyuma yake uozo mweusi. Nilikitambua kile kipande kama mtu anavyotambua maiti. Ungefika huko, mwalimu angeonyesha picha hiyo, na wewe si mjinga, akili hukuitoa kwangu. Ungeshika kovu lako mwenyewe darasani. Ungejua, peke yako, mbali, na mimi nikiwa huku najisifu kwenye simu. Sikutaka ukajulie hapo. Na sikutaka Ijumaa ile usimame juu ya banda la watu, mbele ya mji mzima, ukiwaliza kwa hadithi niliyoikanda mimi, ukinisifu.

Labda ukisema kweli watanuna. Labda watasema huyu msichana maombi yake yalikuwa na uwongo. Sijui. Ukitaka, nitawaandikia mwenyewe kwa mkono huu wa kuku, niseme mtoto aliandika alichoambiwa na baba yake. Lakini nikikuwazia pale juu, nakusikia ukisema hivi: nyumba yetu haikuvunjwa na mashine, baba yangu aliipiga simiti kwa sababu aliionea haya. Sema na jina langu. Sema Mutua, fundi, Huruma. Nimejitangaza maisha yangu yote kwa kazi nilizojidai nazo, acha nitangazwe mara moja kwa hii.

Sina mawaidha. Wanaonifahamu wangeangua kicheko. Kuna kitu kimoja tu ninachokijua, na nilikinunua kwa damu yako: ukianza kuona kinyaa na kitu cha kwenu, ngoja. Usiguse chochote siku hiyo. Muulize kwanza aliyekitengeneza, maji yanatokea wapi.

Sasa kuna siri ya huku juu. Wiki hii yote uliniuliza kwa nini narudi na kucha nyeusi, nikakwambia ni kazi ya mtaro. Uwongo, lakini huu ni mdogo. Nyuma ya tangi la maji nimesimamisha miti minne na fito, futi tatu kwenda juu, nne upana, nikajaribu kukandika. Mama Otis wa ghorofa ya pili alinikuta Jumatano alipokuja kuanika.

"Baba Mbula! Na umri huo, unacheza matope?"

"Nafanya majaribio ya kisayansi."

"Na hiyo harufu?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe juu ya paa? Wewe ungoje mwenye nyumba akupate." Akaweka karai chini, akaja akagusa. "Umeweka maji mengi," akasema. "Sisi kwetu Ugenya tulikuwa tunauacha ulale kwanza." Akavua viatu, akanionyesha. Mama Otis! Miaka tisa tunagombania kamba za nguo, sikujua ana miguu inayojua kazi.

Ukuta wa kwanza ulipasuka wote kufikia Alhamisi. Wa pili umekaa, ila una nyufa ndogo ndogo hapo juu, na najua ni kwa nini. Ni jivu. Nyanya alikuwa anapima jivu kwa kiganja, na mimi sikuwahi kuuliza ni viganja vingapi kwa karai. Nilikuwa nimesimama kando yake miaka yote hiyo nikijisikiliza mwenyewe. Huko uendako wana watu wanaokaa na kioo cha kukuza wakichunguza matope ya wafu. Wakikufundisha, niandikie. Niandikie hata kama hujanisamehe, andika tu viganja vingapi, bila salamu.

Haya. Nasikia sauti yako ngazini unabishana na mathe, na kichwa kimetoka kizuri bila shaka. Nitashuka nikupe hii karatasi na sitasubiri uimalize, nitarudi huku. Kuna sehemu nimeiacha chini, kwenye miguu ya ukuta, haijakandikwa, kazi ya watoto. Udongo uko ndani ya ndoo, umelala tangu asubuhi. Ukipanda, vua viatu. Usipopanda nitaelewa, na kesho sanduku litabebwa na mjomba wako. Nimeshamwambia akae tayari.

Ni mimi, fundi niliyekukata uso,
Mutua, mjukuu wako kwa jina ulilorithi, na baba yako.